Fundi wa Chini ya Daraja

Stoo ya Reli, ng'ambo ya mashariki
3 Septemba

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa ukimya wangu. Barua zako zote zimenifikia kwa mkupuo mmoja, zimefungwa kwa uzi, na nimeona haya kuzisoma kwa jinsi zilivyozidi kuwa fupi. Ya mwisho ina neno moja tu: "Kaka?" Hukustahili kunyamaziwa hivyo. Mashua ya hospitali ilizuiwa tangu risasi ya kwanza ilipolia, na imeruhusiwa kuvuka tena juzi tu, kwa ajili ya dawa.

Wewe uliisikia mizinga ukiwa hospitali. Mimi niliisikia nikiwa nimelala kifudifudi nyuma ya mapipa ya grisi. Sababu unaijua. Mto huu una daraja moja, na kila gunia la unga na kila sanduku la risasi la Serikali hupita juu yake. Vijana wa porini walitaka kulivunja, Serikali ikataka kulishika, na sisi tunaoishi kandokando yake hatukuulizwa. Serikali imebaki nalo. Limesimama, lakini mihimili ya upande wako imepinda na bolti nyingi zimekatika. Hakuna treni inayopita, wala raia haruhusiwi kukanyaga.

Mwanao ni mzima. Hana jeraha. Yupo kazini darajani tangu asubuhi hadi jioni, na kwa kuwa kazi ni nyingi hulala huko huko, karibu na ofisi ya Kapteni. Asipokuandikia usimlaumu. Mikono yake imechoka.

Barua zinazovuka hufunguliwa na kusomwa. Kwa hiyo niandikie habari za nyumbani: afya yako, mgongo wako, bei ya sabuni. Mambo ya vita waachie wenye vita.

Kaka yako

*

Hospitali, chumba cha kufulia
8 Septemba

Kaka, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikakaa, halafu nikaisoma tena. Ungekuwa karibu ningekufinya kwanza ndipo nikushukuru. Siku zote zile nilikuwa nafua shuka za majeruhi huku nawazika ninyi wawili kichwani, mmoja baada ya mwingine, kisha nawafufua.

Mgongo wangu haujambo. Sabuni imepanda. Umeridhika? Sasa niongee ninachotaka.

Mpwa wako namwona kila siku! Uwanja wetu wa kuanikia nguo unatazama darajani moja kwa moja, hilo umesahau. Asubuhi nikitoka na beseni naangalia kwanza ule ukingo wa daraja. Nikiona kile kitambaa chekundu kimening'inia, najua Nyundo wangu yuko chini anagonga bolti zake. Moyo unatulia. Nimeona pia askari wawili wamesimama juu yake na bunduki. Serikali inamlinda sana, nami nimewaambia wenzangu hapa, mwanangu amekuwa mtu mkubwa, halindwi hata daktari hivyo. Jambo moja tu linanisumbua. Zamani akiniona ananipungia kofia. Sasa hapungi. Nimemkosea nini?

Halafu nikuchekeshe. Wiki moja hivi kabla ya mizinga walikuja vijana wawili kuomba nifue mashati yao. Wana adabu hao! Shikamoo mama, pole na kazi mama, wakanibebea maji bila kuombwa. Wakaniuliza kama nina watoto. Unanijua. Nikawaeleza Nyundo tangu alipokuwa anagonga sufuria zangu na kitanda chako, mpaka wewe ulipomtia reli. Nikawaeleza jinsi anavyoshuka chini ya daraja na kusikiliza chuma kwa nyundo kama daktari anavyosikiliza kifua. Nikawaonyesha kitambaa. Nikawaambia, kile kikitundikwa pale, hata treni kubwa ya jeshi hutambaa kama mtu mwenye mwiba mguuni, kwa sababu ya mwanangu mmoja tu. Walicheka sana. Mmoja akasema, "Mama, wewe una mtoto anayesimamisha treni!" Nikafua mashati yao bure.

Mwambie apunge kofia. Mara moja tu.

Mdogo wako

*

Stoo ya Reli
10 Septemba

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Mpiga makasia, yule mnayemwita Haraka kwa sababu hana haraka, aliivusha ndani ya kiatu chake, kwa hiyo haikupita mezani kwa Kapteni. Namshukuru Mungu kwa kiatu kile. Nimekwisha kuichoma, na tangu leo barua zetu zote zipite humo humo.

Sikiliza, na safari hii unisikilize kweli. Wale vijana wa mashati usiwataje tena. Usimtajie mwenzako wa kufua, wala muuguzi, wala mchungaji wa hospitali. Mtu akikuuliza kama umewahi kuzungumza na mgeni yeyote kuhusu kazi ya mwanao, jibu ni hapana. Usiniulize sababu.

Kuhusu kofia: kazi inahitaji mikono yake yote miwili. Hujamkosea neno.

Usisimame uwanjani kwa muda mrefu ukimtazama. Anika nguo uingie ndani.

Kaka yako

*

Hospitali
17 Septemba

Kaka,

Shikamoo, ingawa leo naitoa kwa shida.

Ulipoandika nifunge mdomo nilikasirika nikakaa wiki nzima bila kukujibu. Nilijiambia, ndivyo alivyo, tangu utoto wetu ananiona mpayukaji, mimi nikisimulia habari za mwanangu kwa watu wawili ananichomea barua kama mwizi. Nikasema hata salamu hapati.

Jana nilikuwa nakamua shuka na mwenzangu, yule ambaye mumewe ni askari wa zamu ya darajani. Yeye ameshika ncha ile, mimi nimeshika hii, tunasokota. Akaniambia, "Wanasema yule fundi mfungwa ni mtoto wa huku kwetu. Masikini mama yake."

Nikamwuliza, "Fundi mfungwa gani?"

Akaachia shuka, ikaanguka matopeni. Nilikwenda mpaka mwisho wa uwanja nikakaza macho. Kaka, ana mnyororo mguuni. Nimekuwa nikiuona kila siku nikidhani ni kamba ya kumzuia asianguke majini. Nilikuwa nikisema moyoni, afadhali safari hii wamemfunga kamba, zamani alikuwa hajali.

Mimi ndiye niliyemzaa. Kama amekufa nitaambiwa, kama anaishi nitaambiwa, kama amefungwa nitaambiwa. Umenifanya nijisifu mbele za watu kwa mwanangu mwenye mnyororo.

Niandikie yote. Ukibakiza kitu nitajua.

Dada yako

*

Stoo ya Reli
20 Septemba

Mdogo wangu,

Una haki ya kunikasirikia. Nitakueleza kama ilivyokuwa.

Asubuhi ile palikuwa kimya. Treni nzito za jeshi zilikuwa zimepita mfululizo, na mwanao alikuja dirishani pangu akasema, "Mjomba, kuna bolti upande wa magharibi hazilii vizuri. Ngoja nikazikaze kabla hawajapitisha nyingine." Nikamwuliza kama ana kibali cha jeshi. Akasema kibali kilikuwa cha juzi, na bolti hazikusubiri. Nikampa spana, nikampa kitambaa. Kanuni yetu ni moja tangu daraja lijengwe: mtu hashuki chini bila kitambaa kutundikwa juu, na dereva akikiona hupunguza mwendo mpaka watu watoke. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha, na siku aliyoanza kazi nilimrudisha kutoka nusu ya njia kwa sababu alikisahau. Akaenda, akakitundika, akashuka.

Hakuna aliyetuambia kwamba treni ya askari ilikuwa njiani. Siku hizi jeshi halitoi habari stoo. Dereva alikuwa mtu wa reli, siyo mwanajeshi. Alipokiona kitambaa alifanya kama anavyofanya siku zote. Alipunguza mwendo. Treni ikawa inatambaa juu ya daraja, mabehewa yote yakiwa wazi, na hapo ndipo vijana wa porini walipofyatua risasi kutoka kwenye matete. Walikuwa wamejipanga. Askari waliokufa ndani ya mabehewa yale ni wengi, na wengi wao ni watoto wa watu kama wewe. Vita vyote vilivyofuata vilianzia hapo.

Walimtoa mwanao chini ya daraja akiwa na spana mkononi. Kapteni aliniita nami. Nilimweleza kanuni. Nilimwonyesha bango lake ukutani. Alisema, "Kanuni ya reli haipo vitani. Huyu alitoa ishara, na adui alikuwa anaisubiri." Nilimwambia fundi huyu hata kuku hajawahi kumchinja. Alisema kuku hawana daraja.

Mashtaka ni kumsaidia adui. Adhabu yake unaijua, sitaiandika.

Hajahukumiwa bado kwa sababu moja tu. Mahakama ya jeshi itatoka makao makuu, upande wako, kwa treni. Wakubwa wale hawapandi mashua, wanayaogopa matete. Treni haiwezi kuvuka mpaka daraja litengenezwe, na hakuna mwingine anayelijua daraja hilo bolti kwa bolti. Kwa hiyo kila asubuhi wanamtoa mahabusu, wanamfunga mnyororo, wanamteremsha. Kitambaa wanakitundika wao wenyewe, maana mhandisi wao amekataa watu wafanye kazi chini bila hicho.

Hupigwi tena chenga. Haya ndiyo yote.

Kaka yako

*

Hospitali
25 Septemba

Kaka, shikamoo.

Siyo yote. Umeacha moja, nami nimelipata mwenyewe nikiwa nimeinama kwenye karai. Vijana wale kwenye matete walijuaje kwamba kitambaa kinapunguza treni?

Waliambiwa na mimi. Nikawafulia na mashati.

Sasa naelewa kwa nini ulishukuru kiatu cha Haraka. Ulitaka kunificha nisijue, na kuwaficha wao wasinijue, ukabaki na mzigo peke yako kama kawaida yako. Asante, lakini hapana. Mtoto wangu hawezi kufa kwa maneno ya mdomo wangu nami nimekaa nakamua shuka.

Juzi nilivaa gauni langu la kanisani nikaenda mpaka kwenye kizuizi cha daraja upande huu. Askari wa zamu akaniambia, "Mama, hapa hapapitwi." Nikamwambia sipiti, nimekuja kukamatwa. Akacheka. Mwenzake akamwambia, "Mpe maji huyu, jua kali." Nikakataa maji. Nikasimama mpaka wakamwita mkubwa wao, kijana mweupe mwenye miwani, na mkalimani wake.

Nikaeleza yote. Vijana wawili, mashati, kitambaa, mimi ndiye niliyesema, mwanangu hajui lolote. Mkalimani akatafsiri. Yule kijana akauliza, "Majina yao?" Sikuyajua. "Walitokea wapi?" Sikuwauliza. "Nani mwingine aliwaona?" Hakuna, wenzangu walikuwa wamekwenda kula. "Mashati yao yako wapi?" Si waliyavaa, kaka, mashati hukaa wapi?

Akafunga kalamu yake. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma, kwamba kila mama angesema hivyo. Akasema mama yake naye angesema hivyo. Kisha akaagiza nirudishwe hospitali kwa gari lao, nisichoke. Kaka, nimekwenda kujitoa nikaletwa nyumbani kama mgeni wa heshima!

Yule askari aliyeniletea maji ndiye aliyenishusha. Akaniambia, "Mama, ukweli wako hauna shahidi. Rudi ukafue."

Basi nimebaki na ombi moja. Umesema mahakama itakuja na treni ya kwanza. Mwambie Nyundo afanye kazi polepole. Akaze bolti moja kwa siku. Aangushe spana mtoni. Augue. Vita vinaweza kuisha, Kapteni anaweza kuhamishwa, Mungu anaweza kukumbuka. Wewe una ufunguo wa stoo. Kaka, tafadhali, safari hii ukae upande wetu, siyo upande wa kanuni.

Dada yako

*

Stoo ya Reli
30 Septemba

Mdogo wangu,

Nimefanya uliloniomba. Nakueleza jinsi lilivyokwenda.

Kila asubuhi mwanao huletwa dirishani kwangu kuchukua vifaa, askari mmoja kushoto na mmoja kulia. Ndiyo nafasi pekee tunayopata ya kuzungumza, tena mbele yao. Jumatatu alipoagiza bolti za inchi moja, nilimwambia hazipo. Tangu nianze kazi hii sijawahi kusema kitu hakipo hali kipo. Nilisema zimeagizwa, zitachukua muda.

Sajini aliyefuatana nao aliniangalia. Akasema, "Mzee, nipishe." Akaingia, akafunua sanduku la kwanza, la pili, akatoa bolti akaipiga mezani mbele yangu. "Hii ni nini? Ndizi?" Askari wakacheka. Kisha akasema kwamba kwa heshima ya mvi zangu hatalipeleka kwa Kapteni, lakini ufunguo wa stoo auchukue yeye. Sasa naenda kazini kufunguliwa mlango wa stoo yangu kama mpishi mgeni.

Kwa hiyo ufunguo sina tena. Ilibaki kumwambia yeye mwenyewe. Siku iliyofuata, sajini alipokuwa anahesabu nati, nilimwambia kwa sauti ya chini, "Mama yako anasema usijichoshe. Kazi haina mbio."

Alinielewa papo hapo. Alichukua muda akiifuta spana kwa kitambaa cha grisi, kisha akasema, "Mwambie mama nimemsikia."

Nikamwuliza, "Utafanya?"

"Mjomba, wewe ulinifundisha daraja. Hii mihimili imepinda. Nikiacha bolti moja legelege, nyingine zinabeba uzito wake, nazo zinachoka. Siku moja treni itaanguka na watu ndani, na siku hiyo nitakuwa kweli yule wanayesema."

Nikamwambia sikusema aiache legelege, nilisema aende polepole. Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. "Polepole nimejaribu, mjomba. Mkono unakataa. Chini kule kuna chuma, maji na mimi. Nikishika spana nasahau mnyororo. Nikiiacha naukumbuka. Unataka niukumbuke siku nzima?"

Sajini akasema, "Haya, twende," wakaenda.

Nimempa pia habari ya wewe kwenda kwenye kizuizi cha daraja. Sikutaka, lakini uliniambia nisibakize. Halafu akauliza kama ulivaa lile gauni lenye vifungo vya mbele. Nikasema nadhani ndilo. Akasema, "Mama bwana!" Hilo tu, akageuka ili wasimwone uso.

Mhandisi amesema kazi inakaribia kwisha.

Kaka yako

*

Hospitali
2 Oktoba

Kaka, shikamoo.

Barua yako nimeisoma chooni, ndipo pekee penye komeo.

Sijui nimzae upya au nimpige makofi. Nani aliyemfundisha kuwa hivi? Usijibu.

Tulikuwa na njia moja iliyobaki nayo imezibwa. Niliposikia kwamba hasikii ombi langu, nikasema basi angalau anione. Nikawa naanika shuka kwenye kamba ya mbele kabisa, na kila nikimaliza shuka moja nasimama kando yake, ili akiinua kichwa ajue huyu ni mama. Jana aliinua. Najua alinitambua kwa sababu aliacha kugonga. Tulitazamana hivyo, kaka, mto mzima katikati, mpaka askari akamgusa bega.

Leo asubuhi imekuja amri kutoka kwa yule kijana wa miwani. Nguo zote za hospitali zianikwe upande wa nyuma, penye kivuli. Ati shuka zinaweza kuwa ishara. Muuguzi mkuu amebishana nao hadi amekuwa mwekundu, kwamba shuka za wagonjwa zisipopata jua zitaleta ugonjwa. Wamesema agizo ni agizo. Mwenzangu akaniuliza, "Sasa tukikohoa je, si itakuwa ishara?" Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, wewe mwenye kujua maneno chagua.

Nikiwa upande wa nyuma siwezi kuona daraja. Naweza kusikia tu. Anagonga vizuri. Hata mimi nisiyejua chuma nasikia kwamba sasa zote zinalia sawa.

Nenda kwa Kapteni wewe mwenyewe. Mimi ni mama, hawaniamini. Wewe ni mtumishi wao wa miaka mingi. Mwambie jina langu, mwambie ninapokaa, mwambie niliyoyasema na niliyasema wapi. Usinionee huruma. Ukinionea huruma sitakusamehe.

Dada yako

*

Nje ya ukuta wa stesheni, ng'ambo ya mashariki
6 Oktoba

Mdogo wangu,

Naandika juu ya goti, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Nilikwenda kwa Kapteni kama ulivyoagiza. Nilivaa koti. Nilisema jina lako, chumba chako cha kufulia, mashati, na maneno uliyowaambia vijana wale. Nilisema barua uliyoniandikia niliichoma, na kwamba naweza kuapa juu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta karatasi kutoka kwenye jalada akanionyesha: mkubwa wa upande wako alikwisha kuandika kwamba mama wa mshtakiwa alijitokeza na hadithi isiyo na ushahidi. Kapteni akaongeza kwa wino wake mstari mmoja chini yake. Naweza kusoma karatasi iliyogeuzwa juu chini, ni kazi ya stoo iliyonifundisha. Alikuwa ameandika: "Mjomba naye anasema hivyo hivyo." Akanishukuru kwa utumishi wangu. Mlango ulifunguliwa kabla sijainuka.

Leo treni imevuka. Bila shaka uliisikia ikipita hospitali. Huku tuliambiwa tusimame mbali na reli. Ilikuja ikitambaa, dereva ametoa kichwa chote nje, mhandisi anatembea kando yake ameinama kusikiliza. Watu wote wa mtaa wa reli walikuwa wamesimama wakiiangalia, na nikajikuta naomba daraja lianguke. Mimi, mdogo wangu, niliyekula mshahara wa daraja lile maisha yangu yote. Niliomba kwa maneno kabisa, midomo ikitikisika. Halikutikisika hata kidogo. Behewa la mwisho lilipofika ardhini mhandisi alivua kofia.

Walishuka watu watatu wenye majalada. Mmoja wao ni mzee kuliko mimi, anachechemea, alisaidiwa kushuka ngazi. Mahakama inakaa hapa stesheni, katika chumba cha kusubiria cha abiria wa daraja la kwanza, madirisha yamefunikwa kwa magazeti.

Mwanao alipitishwa karibu nami, hatua chache tu, wakati wanamwingiza. Mnyororo walikuwa wamemvua mguuni, wakamfunga mikono. Sajini yule wa ufunguo alipunguza mwendo kwa makusudi, sitamsahau. Mwanao akaniuliza, "Mjomba, imepitaje?"

Nikamwambia, "Imepita."

"Upande wa kwa mama ilipiga kelele?"

"Hapana. Kimya."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipwa haki yake. Akasema, "Nilikuwa na wasiwasi na ule mhimili wa pili." Kisha akasema nikusalimie, na kwamba amekula asubuhi, usije ukadhani hakula. Akaingia.

Niliomba niingie nitoe ushahidi wa kanuni ya kitambaa. Karani wao alisema bango la ukutani limekwisha kuchukuliwa, lipo mezani, na maneno yaliyomo yanajieleza yenyewe. Niliomba kukaa kwenye benchi la ndani. Akasema mabenchi ni ya mahakama. Kwa hiyo nimekaa hapa nje juu ya kasha tupu la bolti, pamoja na dereva wa treni ile iliyoshambuliwa, aliyeitwa kama shahidi na bado hajaitwa ndani. Ananiambia kila mara, "Mimi niliona kitambaa nikapunguza, bwana stoo. Ningefanya nini?" Namjibu kwamba alifanya sawa. Kisha ananiuliza tena.

Tangu walipofunga mlango nilikuwa nasikia mashine ya kuchapa. Sasa imenyamaza, na kuna mtu anakohoa, na viti vinasogezwa. Dereva anasema huenda wanapumzika. Mimi sijui. Mlango haujafunguliwa.

Haraka amesimama mbele yangu na kofia mkononi. Anasema mashua ya dawa inaondoka sasa na askari wa gatini hawatamngoja. Kwa mara ya kwanza maishani mwake ana haraka. Nampa barua hii kama ilivyo, bila kuisoma tena.

Wakikata shauri nitakuandikia saa hiyo hiyo, liwe vyovyote liwavyo, nami sitakuficha neno.

Kaka yako